Aikaeli Alisoma Vizuri Mno

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Aikaeli alikata majani ya ng'ombe kwenye kihamba chao kule Machame, lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Mdogo wake Ezra, wa darasa la sita, aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kumsomea kwa sauti. Leo historia, kesho jiografia, siku nyingine biolojia. Ezra alisoma kama mtu anayelazimishwa, na kweli alilazimishwa, kwa kuwa dada yake alimwoshea vyombo kila zamu yake ilipofika, na mkataba ni mkataba.

"Rudia hapo," Aikaeli alisema.

"Nimesharudia, dada."

"Rudia tena. Na usimeze maneno."

Hivyo ndivyo Aikaeli alivyosoma. Alikuwa kidato cha pili, msichana wa miaka kumi na mitano, na hakuweza kumaliza ukurasa mmoja wa kitabu bila kichwa kumuuma. Herufi alizijua zikiwa moja moja. Zikishakaa pamoja hazikutulia, na alipofika mwisho wa sentensi, mwanzo wake ulikuwa umeshampotea. Lakini jambo akilisikia mara mbili au tatu, halikumtoka tena.

Watu hudhani kwamba asiyeweza kusoma anapumzika wakati wenzake wakisoma. Si kweli hata kidogo. Kujifanya unasoma ni kazi ngumu kuliko kusoma kwenyewe, tena ni kazi isiyo na likizo. Darasani Aikaeli alikaa karibu na Pamela, ambaye alisoma kwa kunong'ona. Mwalimu akitafuta mtu wa kusoma mbele ya darasa, yeye aliomba kwenda kufuta ubao, au macho yakaanza kumuuma ghafla. Maandishi ya ubaoni aliyanakili vizuri, kama mtu anavyochora ua, bila kujua yanasema nini. Jioni alirudi nyumbani akiwa hoi kuliko mama yake aliyeshinda sokoni Moshi akiuza ndizi.

"Unachoshwa na nini wewe, uliyekaa kwenye dawati siku nzima?" mama yake, Yuditha, alimwuliza mara nyingi. Aikaeli alichukua kisu akaanza kumenya ndizi za jioni.

Mwaka uliopita alifeli mtihani wa taifa wa kidato cha pili, na sasa alikuwa anaurudia. Akifeli mara ya pili, shule ingekuwa imekwisha. Baba yake, mpagazi wa watalii aliyeshinda mlimani kuliko nyumbani, alikuwa ameanza kusema kwamba pengine binti akajifunze ushonaji kwa shangazi yake Himo. Aikaeli hakuuchukia ushonaji. Alichotaka ni kusoma, na jambo hilo lilimuuma kwa sababu ndilo hasa lililokuwa likimshinda.

Walimu wengi walimwita mvivu. Mwalimu Sifael wa historia alisita kumwita hivyo. Alikuwa mtu mpole, mwenye koti moja la kijivu, na alishangaa jinsi msichana anayejibu kila swali kwa mdomo anavyoleta karatasi tupu siku ya mtihani. Siku moja alimwita ofisini, akamsomea maswali ya mtihani uleule aliopata alama sifuri. Aikaeli aliyajibu yote, na mengine alimjibu kwa maneno yaleyale ambayo mwalimu mwenyewe aliyasema darasani.

Mwalimu Sifael aliweka kalamu chini. "Aika, wewe si mvivu," alisema. "Una ugumu wa kusoma. Ni ulemavu wa kujifunza, nao una walimu wake. Kuna mfuko wa ufadhili pale Moshi, unaosaidia wanafunzi wa sekondari wenye shida kama yako. Wanampeleka mtoto kwenye shule ya bweni yenye mwalimu wa elimu maalumu. Nitakupendekeza."

Aikaeli alilia palepale ofisini. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amelitaja tatizo lake bila kumgombeza.

Nyumbani habari hiyo ilipokelewa kwa namna mbili. Neno "ufadhili" lilimfurahisha Yuditha. Neno "ulemavu" lilimkalia kooni.

"Mtoto wangu si mlemavu," alisema. "Huyu siku ya kipaimara alijibu maswali yote mbele ya usharika mzima, wenye vitabu wakaishia kukodoa macho. Mlemavu gani huyo?"

"Mama, nilikuwa nimeyasikia tu kwa Ezra."

"Basi ndiyo akili yenyewe hiyo."

Yuditha alipiga simu kwa wifi yake kule Himo, yule shangazi mshonaji, ambaye binti yake, Anaeli, alikwenda kwenye usaili wa mfuko huohuo mwaka uliopita na hakuchaguliwa. Wifi alieleza kwamba watoto hupewa karatasi wasome, habari fupi kuhusu mifereji ya maji ya mlimani, na kwamba Anaeli aligugumia mpaka ikawa aibu. Nakala ya karatasi ile alikuwa bado anayo. Aliipiga picha kwa simu akaituma.

Yuditha alipoweka simu chini alikuwa ameshaamua. Kwa maoni yake, Anaeli alinyimwa nafasi kwa sababu aligugumia. Tangu azaliwe hakuwahi kuona usaili ambao mtu anakwenda kuonyesha lile linalomshinda. Kwao mtoto hakupelekwa mbele ya wazee bila kuandaliwa. Alioshwa, alivalishwa nguo iliyopigwa pasi, na alifundishwa la kusema.

"Ezra," aliita, "njoo umsomee dada yako hii. Mpaka aishike yote."

Aikaeli alihisi kwamba kuna kitu hakiko sawa. Lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyezoea kuficha jambo kwa miaka mingi haachi kwa siku moja. Alikata majani, Ezra akasoma. Alichota maji, Ezra akasoma. Hata siku ya usaili haijafika, alikuwa anaweza kuisema habari ya mifereji tangu ilipochimbwa na mababu mpaka maji yanavyogawanywa kwa zamu, bila kuruka hata neno moja.

Usaili ulifanyika Njoro, mjini Moshi, katika ukumbi mdogo wenye viti vya plastiki. Wazazi na watoto walijaa kwenye benchi la nje. Kila mmoja alikuwa amevaa vizuri na kila mmoja alikuwa kimya, kwa kuwa hakuna aliyetaka kumwambia jirani yake kilichomleta pale.

Ndani walikaa watu wawili. Mwenyekiti alikuwa Mzee Eliakim, mwalimu mkuu mstaafu, mwenye sauti nzito na subira ndogo. Pembeni yake alikaa Mwalimu Mektrida, mama wa makamo aliyefundisha elimu maalumu kwa miaka mingi, na uso wake ulionyesha miaka hiyo.

"Shikamooni," Aikaeli alisalimia.

"Marahaba, binti. Karibu. Chukua hii karatasi utusomee. Usiwe na haraka," Mzee Eliakim alisema.

Aikaeli aliitupia jicho karatasi. Hakuwa na haja ya kuisoma ili kuitambua. Mchoro wa mfereji uliokuwa juu yake ulikuwa uleule wa kwenye simu. Akaanza. Alisema habari yote kwa sauti safi, akapumzika penye nukta, akahamisha macho mstari hadi mstari kama alivyowaona wenzake wakifanya, na alipofika mwisho akashusha karatasi taratibu.

Mzee Eliakim alivua miwani. "Umesoma vizuri sana," alisema. "Vizuri mno."

Yuditha, aliyekuwa ameketi nyuma, alishindwa kuzuia tabasamu. Mwalimu Mektrida hakutabasamu. Alimtazama msichana kwa muda, akaandika kitu, akawaomba wasubiri nje.

Walipoitwa tena, mwenyekiti alikuwa na simu mkononi na uso umebadilika.

"Mama, tunashukuru mmekuja kutoka mbali," alisema, "lakini binti huyu hana tatizo. Anasoma kuliko wanafunzi wengi wa kidato cha nne. Nafasi hizi ni za watoto wasioweza. Nimempigia mwalimu wake sasa hivi, nimemwambia wazi kwamba alituandikia uongo, na mapendekezo kutoka shule yake hatutayapokea tena."

"Mwalimu Sifael?" Aikaeli aliuliza kwa sauti ndogo.

"Huyohuyo. Nendeni salama."

Walitoka. Jua lilikuwa kali na barabara ya Njoro ilijaa vumbi. Yuditha alitembea mbele akiwa ameshika kitenge chake kwa nguvu. Hakuelewa. Alikuwa amefanya kila kitu kama inavyotakiwa, na bado wamefukuzwa kwa heshima. Alijisikia vibaya, na zaidi ya hapo alijisikia mchovu, uchovu wa mtu aliyepanda mlima wote halafu akaambiwa kumbe siyo mlima wenyewe.

Aikaeli alisimama. "Mama, turudi."

"Turudi tukaseme nini?"

"Kwamba sikusoma."

"Uwaambie wazee wale kwamba tumewadanganya? Mimi na umri wangu huu?" Yuditha aligeuka. "Aika, nafasi imekwenda, basi. Ushonaji nao ni kazi. Twende nyumbani, ng'ombe hawajala."

"Nafasi inaweza kwenda, mama. Lakini Mwalimu Sifael ameitwa mwongo, na yeye ndiye peke yake aliyesema kweli. Mwaka kesho akitokea mtoto mwingine pale shuleni, hawatampokea kwa sababu yangu." Aliyafuta macho kwa kiganja. "Nami nimechoka. Kila siku najifanya. Nimechoka, mama."

Yuditha alimtazama binti yake. Alikuwa ameuona uchovu huo kila jioni, na kila jioni alidhani ni uvivu. Hakusema ndiyo, lakini Aikaeli alipogeuka kurudi ukumbini, naye alimfuata.

Waliwakuta wanakamati wakinywa chai. Mzee Eliakim alikunja uso. "Binti, na wewe tulishamaliza."

"Samahani, babu. Ile karatasi sikuisoma." Aikaeli alisogea karibu na meza. "Nilisomewa nyumbani nikaikariri. Tuliipata kwa mtu aliyekuja mwaka jana. Mwalimu wangu hakujua lolote. Naomba mnipe kitu kingine nisome."

Chai ya Mzee Eliakim ilibaki hewani. Mwalimu Mektrida ndiye aliyenyanyuka. Alitazama huku na huku, akamwonyesha kipande cha karatasi kilichobandikwa karibu na mlango, tangazo la kawaida tu la kuwakumbusha watu wazime taa na kufunga madirisha kabla ya kutoka. Aikaeli alikuwa amelipita siku hiyo akiingia na akitoka.

"Nisomee lile," Mwalimu Mektrida alisema. "Hata ukishindwa, endelea."

Aikaeli alilisogelea. Alianza neno la kwanza, akakwama, akalirudia. Alipata la pili. La tatu alilitaja kwa kubahatisha, na halikuwa hilo. Jasho lilimtoka puani. Mtoto wa darasa la pili angekuwa ameshamaliza na kwenda kucheza, na yeye bado alikuwa mstari wa kwanza, kidole kikitambaa ukutani, sauti yake ikizidi kushuka. Mlangoni watoto waliobaki kwenye benchi walinyoosha shingo kutazama. Hakuna aliyecheka. Kila mmoja wao alikijua kidole kile.

Yuditha alisimama nyuma ya binti yake. Maisha yake yote alikuwa amemsikia Aikaeli akisema, akijibu na akiimba, lakini hakuwahi hata siku moja kumsikia akisoma. Sasa alisikia. Aliona aibu, naam, lakini si ile aliyoiogopa. Aliona aibu kwamba mtoto wake alibeba mzigo huu miaka yote hiyo humohumo ndani ya nyumba, na yeye mama yake akamwambia apige pasi sare.

"Inatosha," Mwalimu Mektrida alisema kwa upole. "Inatosha, mwanangu. Kaa."

Yuditha alijitokeza mbele. "Kosa ni langu, mwalimu. Mimi ndiye niliyetafuta ile karatasi. Nilidhani wa mwaka jana alinyimwa kwa sababu hakujua kusoma."

"Alinyimwa kwa sababu nafasi zilikuwa chache na wengine walikuwa na hali ngumu zaidi," Mwalimu Mektrida alijibu. Alikaa karibu nao, akaonekana naye amechoka. "Mama, kila mwaka nawaona. Mzazi anamleta mtoto kwangu kama anayemleta mgonjwa hospitali, lakini njiani anampa dawa ya kushusha homa, ili asije akaonekana anaumwa. Nikipima, sioni homa. Nikisema arudi nyumbani, mnasikitika. Sisi hatumtafuti wa kumpa zawadi kwa kushindwa. Tunatafuta mahali mtoto alipokwama, ili tuanzie hapo. Akituficha mahali penyewe, tutaanzia wapi?"

Yuditha aliinamisha kichwa.

"Nawe, Aikaeli," mwalimu aliendelea, "akili uliyoitumia kukariri ukurasa mzima ni akili kubwa. Umeimaliza kwa kujificha. Ungepata kuitumia kujifunza, ungefika mbali, na jioni usingerudi nyumbani hoi namna hiyo."

Mzee Eliakim alikohoa. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mtu wa kukwepa lake. Alichukua simu akabonyeza namba. "Mwalimu Sifael? Ndiyo, ni mimi tena. Nakuomba radhi. Nilikuita mwongo, kumbe wewe ndiye uliyekuwa mkweli. Ndiyo, yupo hapa. Amerudi mwenyewe." Kisha akawageukia. "Hatuwaahidi kitu. Wako wengi. Lakini sasa anahesabika miongoni mwao. Na karatasi ile ya mifereji tutaichana leo, tulizembea kuitumia mwaka hadi mwaka."

Siku za kusubiri zilikuwa ndefu. Ezra aliendelea kusoma juu ya ndoo, Aikaeli akaendelea kukata majani, ila shuleni aliacha kukimbilia ubao. Mwalimu wa Kiswahili alipomtaja asome, alisimama akasema, "Mwalimu, mimi nasoma kwa shida, nitakwenda polepole." Wachache walicheka, kisha wakachoka kucheka. Siku hiyo alirudi nyumbani akamenya ndizi zote bila kulala mezani.

Jibu lilikuja kupitia kwa Mwalimu Sifael, ambaye alipanda mpaka kwao kwa miguu, akiwa na koti lake la kijivu begani. Aikaeli alikuwa amepata nafasi. Angeanza bweni muhula unaofuata, angefundishwa na mwalimu maalumu, na kwenye mtihani wa taifa angeombewa muda wa ziada. Baba yake, aliyekuwa ameshuka mlimani siku hiyo, alimshika mwalimu mkono kwa mikono yote miwili na hakutaja tena habari za cherehani.

Jumapili iliyofuata Yuditha alikwenda kanisani na mkungu mkubwa wa ndizi kwa ajili ya sadaka ya shukrani. Kama ilivyo desturi, mwenye shukrani husogea mbele na familia yake, na mzee wa kanisa humwuliza sababu, kisha huwatangazia watu wote.

"Mama Aika anamshukuru Mungu kwa jambo gani?" mzee aliuliza.

Yuditha angeweza kusema "kwa masomo ya mtoto", na watu wangeitikia amina yakaisha. Hata Aikaeli alitegemea hivyo. Lakini mama alikiomba kipaza sauti.

"Binti yangu Aikaeli hawezi kusoma vizuri," alisema. Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Si mvivu wala si mjinga. Ana ulemavu wa kujifunza, na amepata ufadhili wa watoto wenye shida hiyo. Mimi nilikuwa naona haya kulitamka. Leo namshukuru Mungu kwa ufadhili, na namshukuru mwanangu kwa kusema kweli kabla yangu."

Kanisa zima liliitikia amina. Aikaeli alitazama chini, uso ukimwaka, lakini hakutamani kujificha.

Baada ya ibada, vitu vilivyotolewa sadaka vilinadiwa nje, kama kila Jumapili: mayai, maziwa, kuku mmoja mkaidi, na ule mkungu wa ndizi. Aliyeununua mkungu alikuwa Eunike, jirani wa ng'ambo ya mto, mwanamke ambaye kwa kawaida hakununua ndizi kwa sababu zake zilimtosha. Alipoulipia hakuondoka. Alimvuta Yuditha kando.

"Mama Aika," alisema kwa sauti ya chini, akitazama viatu vyake. "Rogath wangu yuko kidato cha kwanza. Naye ni hivyohivyo. Hakuna ninayemwambia. Huyo mwalimu wa Moshi nampataje?"

"Nitakupeleka mwenyewe."

"Basi nipe muda nimwandae kwanza. Nimtafutie mtu wa kumfundisha kidogo, asije akaniaibisha."

Yuditha alimshika mkono.

"Usimwandae, Eunike," alisema. "Mtoto akikwama, ukweli ndio unaomletea msaada. Ukificha, unaufukuza msaada ukiwa mlangoni. Mimi nilimwandaa wangu, nusura nimkoseshe. Wewe mpeleke kama alivyo."